Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Kliniki Yetu ya Kisukari: Sukari Inayoshuka Nayo Iandikwe

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kwa Wajumbe wa Bodi ya Ushauri ya Hospitali,
Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa.

YAH: SUKARI KUSHUKA MARA KWA MARA, MADHARA YAKE KWA UBONGO WA MGONJWA, NA KUTOSHUGHULIKIWA KWAKE KLINIKI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya wagonjwa wa kisukari wanaohudhuria kliniki ya hospitali yenu ya rufaa, pamoja na ndugu wanaowatunza. Malalamiko haya si mapya kwenu. Tumeyaeleza kwa mdomo kwa wauguzi, tumeyatia kwenye sanduku la maoni, tumeyaandika katika barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa masjala, na baadaye tulikaa kikao na mwakilishi wenu, akatuahidi majibu ambayo hayajafika hadi leo. Jina la hospitali tumeliacha kwa makusudi, kwa kuwa hatukusudii kumvunjia mtu heshima yake. Ninyi wenyewe mtajitambua.

Shida yetu ni kwamba katika kliniki yenu ugonjwa huu unatazamwa upande mmoja tu. Kadi ina nafasi ya sukari ya asubuhi, uzito na presha. Mgonjwa akikutwa na sukari ya 14 (namba zote za sukari katika barua hii ni za milimoli kwa lita) huhojiwa, huonywa, na mara nyingi huongezewa dozi. Akikutwa na 4.2 hupongezwa na kuambiwa aendelee hivyo hivyo. Hakuna anayemuuliza kama usiku wa kuamkia siku hiyo aliamka amelowa jasho, kama juma lililopita alijikuta sokoni hakumbuki alifuata nini, au kama mkewe alilazimika kumkorogea uji wa sukari na kumnywesha huku yeye mgonjwa akimfokea bila kujua anamfokea nani. Mambo hayo hayana nafasi kwenye kadi, kwa hiyo hayaandikwi, na kwa kuwa hayaandikwi, kila anayefungua jalada letu huamini kwamba hayapo.

Tunaomba mtusikilize katika mambo yafuatayo.

1. Hamtuulizi kama bado tunahisi sukari inaposhuka.

Ubongo una uzito wa takribani asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na hauna akiba ya maana ya sukari. Hutegemea kile kinacholetwa na damu dakika kwa dakika. Kwa sababu hiyo mwili wa mtu asiye na kisukari umewekewa kinga zinazofuatana. Sukari ikianza kuteremka, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Ikikaribia 3.8 hutolewa homoni za glukagoni na adrenalini, zinazopandisha sukari. Ikikaribia 3 mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio na njaa humshika, akatafuta chakula kabla fikra hazijavurugika. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, yaani ambaye mwili wake umeacha kutengeneza insulini, hana kinga ya kwanza, kwa kuwa insulini aliyokwisha kujidunga haiwezi kurudishwa kwenye bomba la sindano. Miaka michache baada ya kuanza kuugua hupoteza na ya pili, kwani glukagoni huacha kuitikia sukari inaposhuka. Anabaki na adrenalini peke yake, na wenye aina ya pili waliotumia insulini kwa miaka mingi nao huelekea huko huko.

Kinga hiyo iliyobaki ndiyo inayolegezwa na sukari kushuka mara kwa mara. Mwaka 1991 watafiti Simon Heller na Philip Cryer walionyesha, tena kwa watu wasio na kisukari, kwamba sukari ikishushwa alasiri moja tu, mwitikio wa homoni na dalili za mwili hupungua sukari inaposhushwa tena kesho yake asubuhi. Anayeshuka kila baada ya siku mbili tatu hana muda wa kupona katikati. Ubongo wake huwa kama mlinzi wa usiku aliyezoea kubweka kwa mbwa wa jirani: sauti ipo, lakini haimwinui kitini. Mpangilio wote hupinduka, fikra zikatangulia kuvurugika na dalili zikaja nyuma, au zisije kabisa. Inakadiriwa kwamba takribani robo moja ya watu wazima wenye aina ya kwanza wamefikia hali hiyo, na utafiti wa Edinburgh, Uskoti, uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba waliofikia hapo walipata sukari ya kushuka kwa kishindo, ile inayomlazimu mtu mwingine kuingilia kati, mara 6 zaidi ya wengine.

Miongoni mwetu yumo mwalimu aliyeandikiwa barua ya onyo na mkuu wake wa shule kwa kudhaniwa kuwa alikwenda kazini amelewa. Yumo dereva wa bodaboda ambaye abiria wake ndiye aliyegundua kwamba wameipita njia panda mara ya pili. Wote wawili waliposimulia hayo kliniki waliambiwa wale kwa wakati. Ushauri huo si mbaya, lakini haumsaidii mtu ambaye hahisi tena njaa inayomwambia kwamba wakati umefika, na wala hakuna aliyemwambia huyo wa bodaboda kwamba hata baada ya sukari kurudi juu, wepesi wa akili na wa mikono huchelewa kurudi, pengine kwa muda wa kukaribia saa nzima, na kwamba katika muda huo hapaswi kushika usukani.

Linalotuumiza zaidi ni kwamba hali hii hurekebishika. Tafiti kadhaa za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mgonjwa akisaidiwa kuepuka kabisa sukari kushuka kwa wiki 2 au 3, na kuendelea hivyo hadi miezi 3, dalili zake za onyo hurejea kwa kiasi kikubwa, hata kama amekuwa na kisukari kwa miaka mingi. Ulegevu wa kinga ambao ungeweza kuondolewa kwa kupunguza dozi na kulegeza malengo kwa muda mfupi umeachwa uendelee kwa miaka, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

2. Tunaambiwa kwamba ukinywa soda yamekwisha.

Hapa tunataka kuwa waangalifu, kwa sababu hatukuja kutisha watu. Sukari ikishuka kidogo na kurekebishwa mapema haiui ubongo. Kinachojulikana kuua chembe za ubongo ni kupoteza fahamu kwa muda mrefu huku sukari ikiwa chini mno. Aidha, utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliofuatilia wagonjwa wa aina ya kwanza kuanzia miaka ya 1980 ulitoa taarifa mwaka 2007, baada ya takribani miaka 18, kwamba haukuona uhusiano kati ya sukari kushuka kwa kishindo na kupungua kwa uwezo wa kufikiri. Taarifa hiyo iliwatuliza wengi.

Lakini utafiti huo haukuishia hapo. Wagonjwa wale wale walipofuatiliwa hadi kufikia takribani miaka 32, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliopata matukio mengi zaidi ya sukari kushuka kwa kishindo walipungukiwa zaidi na wepesi wa akili na wa mikono. Waliokaa na sukari ya juu kwa muda mrefu na wale wenye presha ya juu nao walipungukiwa vivyo hivyo. Kwa wazee wenye aina ya pili dalili zilikuwa zimeonekana mapema. Utafiti wa kaskazini mwa California uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 16,667, ulikuta kwamba waliowahi kufikishwa hospitali kwa sukari kushuka walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, na hatari hiyo ilipanda kadiri matukio yalivyoongezeka: kwa tukio 1 ilizidi kwa takribani asilimia 26, na kwa matukio 3 au zaidi ilikaribia kuwa maradufu. Mwaka 2013 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba mambo hayo mawili hulishana, kwa maana mzee aliyeanza kusahau huwa rahisi zaidi kushuka sukari. Anayemtunza mzee wa namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini: humeza kidonge mara mbili, au humeza akasahau kula.

Kwa hiyo hatudai kwamba kila anayeshuka atapoteza akili zake, na uhusiano unaoonekana katika takwimu si lazima uwe ndio chanzo. Tunachodai ni kwamba ushahidi uliopo unatosha kuwafanya wataalamu waache kulichukulia jambo hili kuwa dogo, hasa kwa wazee, na kwa watoto walioanza kuugua wakiwa wadogo sana ambao ubongo wao bado unakua.

3. Utaratibu wenu wa siku ya kliniki wenyewe unatushusha sukari.

Tunaagizwa kufika bila kula ili tupimwe sukari ya asubuhi. Wengi wetu hutoka vijijini saa 11 alfajiri, hupanda magari mawili, hupanga foleni ya kadi, kisha ya kipimo, kisha ya daktari, na si ajabu saa 5 asubuhi kumkuta mtu bado hajatia kitu mdomoni. Wapo wanaojidunga insulini nyumbani kabla ya kuondoka kwa kuogopa kuonekana hawafuati dozi, na wapo wanaomeza vidonge vyao vya kawaida kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba siku hiyo wasubiri. Insulini ya mchanganyiko wa 30/70 (asilimia 30 ya haraka na 70 ya polepole), ambayo ndiyo wengi wetu tunapewa, inataka chakula ndani ya nusu saa. Matokeo yake ni watu wanaosinzia kwenye mabenchi yenu, na wauguzi hudhani ni uchovu wa safari. Ni jambo la kusikitisha kwamba mgonjwa anaweza kupata madhara zaidi kwa kuitii hospitali kuliko kama angebaki kwake, na hili halihitaji bajeti kuondolewa.

Tunaongeza hapa suala la Ramadhani, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wenu ni Waislamu. Kila mwaka mwezi unapokaribia husikia maneno mawili yanayopingana, mmoja akikataza funga kwa jumla na mwingine akinyamaza. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari uko wazi: dozi zipangwe upya kabla ya mwezi kuanza, mgonjwa apime sukari akiwa amefunga, na afungue mara moja ikishuka chini ya 3.9. Mgonjwa aliyekwisha kuacha kuhisi sukari ikishuka ni miongoni mwa wanaoshauriwa wasifunge. Lakini mtamtambuaje, ikiwa hamjamuuliza?

4. Wazee wetu bado wanapewa glibenklamaidi.

Dawa hii ya vidonge vya kushusha sukari hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikidhoofika hukaa zaidi, ikaendelea kusukuma insulini hata mtu akiwa hajala. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaipa nafasi gliklazaidi, kidonge cha kundi hilo hilo, na inaeleza kwamba glibenklamaidi haiwafai wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo, wazee wetu wa miaka 70 na kuendelea wanaipokea dirishani kila mwezi, na wengi hawakumbuki kupimwa figo. Baadhi yao humeza pia dawa za presha, na nyingine miongoni mwa hizo, kama propranololi, huficha mtetemo na mapigo ya moyo, zikabakiza jasho tu kuwa onyo. Na katika joto la huku pwani, jasho halimshtui mtu. Sukari ya mzee ikishuka, mara nyingi hatetemeki. Husema ovyo, hukataa kula, huanguka, au mkono hulegea kama aliyepata kiharusi, na nyumbani watu huanza kuulizana ni nani aliyemfanyia.

5. Ndugu hawafundishwi, na zahanati haziko tayari.

Sindano ya glukagoni imo katika orodha hiyo hiyo ya Shirika la Afya Duniani, lakini sisi hatujawahi kuiona dirishani. Mke, mtoto au jirani wa mgonjwa hajawahi kuitwa chumba cha ushauri akaelezwa nini cha kumpa anayeweza kumeza, na kwamba aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni.

Waheshimiwa, tunajua mtakayotujibu, kwa kuwa mengine tumekwisha kuyasikia.

Mtasema sukari ya juu inaua wengi zaidi. Hatubishi, na utafiti tulioueleza hapo juu unaonyesha kwamba hata ubongo huumizwa nayo. Ila anayeogopa kushuka hujikinga kwa kukaa juu: hupunguza insulini kimya kimya, hula kabla ya kulala bila kuhitaji, kisha kliniki huiona 15 na kumwongezea dozi, naye akishuka tena huogopa zaidi. Sukari ya juu mnayopigana nayo, kwa baadhi yetu, imezaliwa na ile ya chini msiyotaka kuisikia.

Mtasema hakuna vijiti vya kupimia, wala kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, wala mitambo ya kisasa inayobandikwa mwilini. Ni kweli, na hatuwalaumu kwa yaliyo nje ya uwezo wenu. Lakini chombo kinachotumika duniani kumtambua mtu asiyehisi sukari kushuka ni swali moja: je, unatambua sukari inapoanza kushuka? Mgonjwa hujibu kwa namba kuanzia 1, yaani daima, hadi 7, yaani kamwe, na anayejibu 4 au zaidi huhesabiwa kuwa amepungukiwa. Swali hilo ni la bure. Na mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha watu wazima 96 wa aina ya kwanza waliokuwa wamepoteza hisia hiyo. Wote walifundishwa na kupangiwa dozi upya kwa lengo la kuepuka kushuka, wengine wakitumia sindano za kawaida na kutoboa kidole, wengine pampu za insulini na mitambo ya kubandika. Baada ya wiki 24 hali ya hisia ilikuwa imeboreka, na matukio ya kishindo yamepungua sana, bila tofauti ya maana kati ya waliotumia vifaa vya gharama na wasiovitumia. Sisi tunasoma hapo kwamba kilichotibu ni mafunzo na ufuatiliaji.

Mtasema pia kwamba wagonjwa hawali kwa wakati. Wengine kweli hawali, kwa sababu mshahara au mavuno hayakufika, na mtu wa namna hiyo hawezi kutibiwa kwa dozi iliyopangwa kana kwamba ana milo mitatu ya uhakika. Kumlaumu ni rahisi kuliko kumbadilishia dozi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa mpangilio wa uzito wake kwetu.

Kila anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma aulizwe, katika kila hudhurio, kama anahisi sukari ikishuka, imeshuka mara ngapi tangu alipokuja mara ya mwisho, na kama aliwahi kuhitaji msaada wa mtu mwingine, na majibu yaandikwe kwenye kadi yake. Anayebainika kuwa amepoteza hisia apewe malengo ya juu kidogo na dozi mpya kwa miezi michache, aitwe kliniki mapema kuliko wengine, na apewe kipaumbele katika vijiti vichache vilivyopo, ikiwamo vya kupima usiku.

Wanaotumia insulini waruhusiwe kula siku ya kliniki, au wapimwe mara wanapofika, ndipo wajidunge na kula pale pale; na pawepo muuguzi mmoja mwenye mashine ya kupima na sukari mezani, anayepita kwenye mabenchi. Wazee wa zaidi ya miaka 60 waondolewe kwenye glibenklamaidi, na figo zao zipimwe walau mara moja kwa mwaka.

Kila mgonjwa aje na ndugu mmoja kwa somo fupi: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kusubiri dakika 15, kupima au kutazama hali, kurudia ikibidi, kisha chakula. Na zahanati zote zinazoleta wagonjwa kwenu ziagizwe kwamba yeyote anayefikishwa akiwa amechanganyikiwa, ana mtukutiko au hana fahamu, apimwe sukari kwanza, hata kama ana homa, kwa kuwa malaria kali nayo hushusha sukari na kwinini huishusha zaidi.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila ombi, likikubaliwa lini litaanza, na likikataliwa kwa sababu gani, na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kliniki ambako kila mgonjwa atayasoma. Tuko tayari kuitwa. Wapo kati yetu wauguzi wastaafu na walimu wanaoweza kuendesha somo la ndugu bila malipo, kuanzia siku ya kliniki ijayo, mkitupatia chumba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wagonjwa wa kliniki ya kisukari na ndugu zao